Mtoto anagusa, kioo kimya: kutafuta chanzo cha hitilafu katika programu za kujifunzia watoto wa Lamu

Mwongozo huu ni wa walimu, maustadhi na watengenezaji wa programu wanaofanya kazi na watoto wa miaka minne hadi minane, kuanzia Amu (mji wa Lamu) na Shela hadi Faza na Kizingitini. Umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili tumetanguliza chanzo kilicho rahisi kuthibitisha, kwa sababu ni hasara kubwa kuandika upya somo zima kumbe mbaya ni chaja. Tunashikilia jambo moja kote: mtoto akikwama, tuhuma ya kwanza iende kwa chombo. Tumeona watoto wengi mno wakiitwa wazito kwa sababu ya kitufe kilichochorwa kidogo.

Namna ya kuchunguza ni hii. Keti na mtoto mmoja mmoja. Watoto watano wanatosha kufichua kasoro kubwa. Mkabidhi kishikwambi, mwambie acheze, kisha nyamaza. Usimwelekeze kwa kidole wala kwa macho. Kwenye karatasi uwe umechora umbo la skrini. Tia alama kila mahali kidole kinapotua bila jibu, na uandike alisubiri sekunde ngapi kabla ya kugusa tena. Ukitaka kurekodi video, omba ridhaa ya mzazi kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inaidai kwa data ya mtoto. Hata ukishapewa, elekeza kamera kwenye mikono. Uso hauna unachokuongezea.

Dalili: mtoto anagusa, hakuna kinachotokea

Anza na kidole gumba cha mkono wa pili. Mtoto mdogo hukishika kishikwambi kwa mkono mmoja na gumba lake hulala juu ya ukingo wa kioo. Programu nyingi husikiliza mguso wa kwanza tu, kwa hiyo gumba ndilo linalosikilizwa na kidole kinachojibu swali kinapuuzwa. Uthibitisho: laza kishikwambi mkekani, mtoto aguse bila kukishika. Kikifanya kazi, umekipata chanzo. Dawa ni kuandika programu ipokee kila mguso peke yake, na kuacha ukingo wa sentimita moja na nusu hadi mbili usio na kitufe chochote pande zote.

Gumba likitoka bila hatia, futa kioo kwa kitambaa laini kikavu. Jasho na ukungu wa chumvi unaoletwa na upepo hupitisha umeme kidogo, na kioo hushindwa kutofautisha kidole na unyevu. Kisha chomoa chaja. Chaja duni hupeleka kelele za umeme kwenye kioo, nacho huanza kujigusa chenyewe au kuruka miguso ya kweli. Hitilafu ikitoweka waya ukichomolewa, badilisha chaja, na uweke sharti darasani kwamba hakuna kuchezea kishikwambi kilicho kwenye umeme.

Yote hayo yakiwa sawa, chukua rula. Kitufe cha mtoto wa miaka minne au mitano kiwe na upana na urefu wa sentimita mbili, na kati ya kitufe na kitufe iachwe nusu sentimita au zaidi. Kipimo cha kawaida cha Android kwa watu wazima ni dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini), yaani takriban milimita 7.6, na programu nyingi za watoto zimejengwa juu ya kipimo hicho bila mtu kufikiria. Sentimita mbili ni kama dp 126. Pima kwenye kioo chenyewe, maana vishikwambi vya bei nafuu havifuati hesabu hizi sawasawa.

Kisha angalia mguso unahesabiwa wakati gani. Mtu mzima hugusa na kuinua haraka. Mtoto hubonyeza, hushikilia, kidole kinateleza, ndipo anainua. Mfumo wa Android huhesabu mguso uliosogea dp 8, zaidi kidogo ya milimita moja, kuwa ni kuburuta, na ulioshikiliwa karibu nusu sekunde kuwa ni mguso mrefu wenye kazi nyingine. Jibu la mtoto linapotelea hapo. Kwa walio chini ya miaka sita, pokea jibu pale kidole kinapotua; usingoje kiinuliwe.

Kuburuta ni mtihani wa peke yake. Mtoto wa miaka minne hawezi kukandamiza kidole mfululizo kutoka pembe moja ya skrini hadi nyingine. Katikati ya safari kidole kitainuka. Programu ikirudisha kitu mwanzoni kila kidole kinapoinuka, mtoto hujaribu mara tatu kisha huondoka. Kiache kitu pale kilipoangushwa, aendelee kutoka hapo, na kikifika ndani ya sentimita mbili za mahali pake kijitulize chenyewe. Lililo bora zaidi ni kugusa kitu, kisha kugusa kinakokwenda. Na kugusa mara mbili kwa haraka kusiwemo kabisa katika programu ya watoto.

Dalili: anagusa mara nyingi mfululizo, kurasa zinaruka

Hapa mtoto hana papara. Amegusa mara moja, hakupata dalili yoyote kwamba amesikiwa, akagusa tena. Baada ya takriban milisekunde 100 binadamu huanza kuhisi kwamba kitendo na matokeo ni vitu viwili. Kwa mtoto anayejifunza kwamba umbo hili ndilo linalotoa sauti hii, pengo hilo huvunja somo lenyewe.

Fungua faili ya sauti kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, uangalie mwanzo wake. Mara nyingi kuna ukimya wa robo sekunde au zaidi: msomaji alikuwa akivuta pumzi. Faili za MP3 huongeza ukimya mwingine mdogo mwanzoni kwa sababu ya jinsi zinavyobanwa. Kwa sauti fupi za silabi tumia WAV au OGG. Pakia sauti zote za ukurasa kabla ukurasa haujaonekana. Na kama darasa linatumia spika ya bluetooth, rudi kwenye waya, kwa kuwa bluetooth peke yake inaweza kuchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100.

Kwenye programu, kitufe kibadilike sura papo hapo kinapoguswa, kiingie ndani au king'ae, hata kama sauti bado inakuja. Baada ya mguso wa kwanza kifungwe mpaka jibu litoke. Bila kufuli hiyo, miguso mitano hupangwa foleni na kurasa tano hupita bila mtoto kuona hata moja.

Kuna chumba pia. Nyumba za mawe za Amu zina kuta nene na lipu ngumu. Sauti hurudi ukutani na silabi hugongana. Chini ya bati, mvua ya masika ikinyesha, hakuna spika ya kishikwambi itakayosikika. Tandika mikeka, tundika mapazia au kanga ukutani, sogeza watoto wakae karibu, au tumia kigawanyio cha waya ili visikizi viwili vitumie tundu moja. Usiongeze sauti hadi mwisho. Spika ndogo hupasua sauti, na "ba" na "pa" zikawa kitu kimoja.

Dalili: anasikia vizuri, lakini anajibu "vibaya"

Alama za nukuu hizo tumezikusudia. Mtoto wa Amu akionyeshwa kidole kimoja husema *moya*. Maji kwake ni *mai*, macho ni *mato*, kichwa ni *kitwa*, njia ni *ndia*. Programu iliyofunzwa Kiswahili sanifu pekee itampigia kengele ya kosa kwa neno alilofundishwa na mamake, na mtoto atakachojifunza ni kunyamaza. Tengeneza orodha ya maneno ya Kiamu kwa kila kadi, uyakubali yote kwenye mazungumzo na kwenye kuhesabu. Somo likiwa la tahajia ya shuleni, sauti iseme "Ndiyo, na shuleni tunaandika hivi," kisha neno sanifu lionekane. Mtoto anaweza kubeba yote mawili, na anastahili kuachiwa yote mawili.

Kutambua sauti kwa kompyuta kusitumike kumtolea alama mtoto wa umri huu, kwa lahaja yoyote. Mifumo hiyo hufunzwa zaidi kwa sauti za watu wazima. Koo la mtoto ni fupi, sauti yake ni nyembamba, na husita katikati ya neno. Mrekodi, umpe kitufe cha kusikia sauti yake na kingine cha kusikia ya mwalimu, alinganishe mwenyewe.

Chunguza herufi. Programu iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza huita B "bii", na mtoto anayeunganisha "bii" na "a" hapati "ba" kamwe. Kiswahili kinafundishika kwa silabi: irabu tano kwanza, kisha ba, be, bi, bo, bu. Hakikisha pia kwamba programu inakata maneno kwa silabi. *Ng'ombe* ikikatwa herufi kwa herufi hutoa vipande saba, kimojawapo ni ritifaa peke yake. Ipasavyo ni viwili, *ng'o* na *mbe*. Waelekeze watengenezaji wahesabu ng', ny, sh, ch, th, dh, gh, mb, nd na wenzao kuwa kitu kimoja.

Ritifaa hiyo hiyo huleta hitilafu inayosumbua walimu sana: mtoto ameandika *ng'oa* barabara na programu inakataa. Kuna ritifaa mbili kwenye kompyuta, iliyonyooka (U+0027) na iliyopinda (U+2019). Kibodi ikitoa moja na jibu lililohifadhiwa likawa na nyingine, kompyuta huona maneno mawili tofauti. Geuza zote ziwe aina moja kabla ya kulinganisha. Ni mstari mmoja wa msimbo.

Saa nayo. Mshale mfupi ukielekea 7, mtoto wa pwani husema saa moja, na yuko sahihi. Programu iliyotafsiriwa neno kwa neno itamwambia ni saa saba. Kanuni: ikiwa saa ya kimataifa imezidi 6, toa 6, ikiwa ni 6 au pungufu, ongeza 6. Hivyo 7 ni saa moja, 1 ni saa saba, 6 ni saa kumi na mbili.

Picha zinahitaji jicho la mtu wa hapa. Picha ya epo iliyoandikwa "tofaa" humchanganya mtoto, kwani tofaa analolijua lina nyama nyeupe laini na kokwa moja kubwa katikati. Garimoshi halimwambii lolote. Punda, kaa, mnazi, paka na kunguru anawajua hata kwa kivuli. Vyombo vya baharini vichorwe kwa uangalifu: mtoto wa baharia hatakubali kila chenye tanga kiitwe mashua, na mchoro uliochanganya umbo la mbele la chombo hiki na tezi ya kile humfanya akwame kwa sababu anajua zaidi ya mchoraji.

Kisha kuna upande wa kuanzia. Wengi wa watoto hawa huanza chuo, yaani madrasa ya Kurani, kabla ya shule, au huenda kote kuwili kwa siku moja, na chuoni ukurasa huanzia kulia. Ukimpa picha tatu za yai, kifaranga na kuku azipange, anaweza kuzipanga kutoka kulia kwenda kushoto kwa mantiki kamili. Weka nukta ya kijani mahali pa kuanzia na mshale wa kuelekea. Kama hukuuweka mshale, pokea mpangilio wa pande zote mbili.

Dalili: kwenye skrini anapata zote, kwenye karatasi hajui

Hii ndiyo dalili inayotushughulisha kuliko zote, maana haipigi kelele. Ripoti ni nzuri, nyota zimejaa, mzazi amefurahi, na mtoto hajajifunza lililokusudiwa. Amejifunza kitu kingine, nacho ni programu. Watoto ni hodari sana wa kugundua njia fupi.

Chunguza kwanza kama jibu sahihi lina makazi. Cheza maswali ishirini uandike lilikuwa kushoto, katikati au kulia. Likiwa katikati zaidi ya mara kumi, nafasi haikuchanganywa vizuri. Halafu tazama picha zenyewe: mara nyingi ile ya jibu ilichorwa kwa uangalifu zaidi, ni kubwa kidogo au ina rangi kali. Zigeuze zote kuwa nyeusi na nyeupe. Alama za mtoto zikiporomoka, alikuwa akisoma rangi.

Angalia kinachotokea akikosea. Ikiwa chaguo baya linatoweka na anaruhusiwa kuendelea, atagusa yote hadi libaki moja, na programu itaandika "amefaulu". Hesabu mguso wa kwanza tu.

Kubahatisha kunapimika. Kwa chaguo mbili, kupata tano mfululizo kwa bahati ni 1 kati ya 32. Kwenye darasa la watoto 32 wanaobahatisha, tarajia mmoja apite bila kujua lolote. Kwa chaguo tatu ni 1 kati ya 243. Kwa chaguo nne, kupata nne mfululizo ni 1 kati ya 256. Kwa hiyo kipimo cha kumpandisha mtoto ngazi kisipungue tano mfululizo kwa chaguo tatu, au nne mfululizo kwa chaguo nne, na maswali mengine mawili yaulizwe kesho yake bila msaada. Lililojuliwa leo jioni na kupotea kesho asubuhi halijajuliwa.

Hata mtoto asiyebahatisha anaweza kukwama karatasini, kwa kuwa kutambua na kutoa ni kazi mbili. Kuchagua *pa* kati ya tatu ni kutambua. Kuandika *pa* pasipo kitu cha kuangalia ni kutoa. Somo lenye chaguo pekee halifikishi mtoto kwenye kutoa. Katika kila silabi mpya, weka hatua ambapo skrini inasema sauti na kubaki tupu, mtoto aandike kwa kidole.

Na kuandika kwa kidole kuna hila yake. Programu nyingi hukubali herufi mradi kidole kimepita juu ya nukta zote, kwa mpangilio wowote. Mtoto huifuta herufi nzima kwa kiganja, nyota zikamwagika. Dai mahali pa kuanzia na upande wa kwenda, ukiruhusu kupotoka hadi sentimita moja. Baada ya herufi tatu za skrini, programu isimame na kusema: "Sasa iandike mchangani," au ubaoni, au daftarini. Kidole juu ya kioo hakikutani na ukinzani wowote. Penseli na mchanga vina ukinzani, na mkono unauhitaji ili ukumbuke.

Katika kuhesabu, chanzo kikubwa ni programu kumhesabia. Kila anapogusa samaki, sauti inasema "moja, mbili, tatu". Mtoto anagusa tu. Anayehesabu ni mashine. Inyamazishe. Aguse samaki saba kimya, kisha aulizwe ni wangapi. Akishaweza, mwagia kokoto saba chini aulizwe tena, maana samaki wa skrini husubiri walipo na kokoto zahitaji kusogezwa ili asizihesabu mara mbili.

Dalili: anakosea makusudi

Sikiliza sauti ya kosa. Ikiwa ni ya kuchekesha kuliko ya jibu sahihi, umeshampa zawadi ya kukosea. Sauti ya kosa iwe fupi na tulivu, isiyoaibisha. Kosa la pili lilete dokezo, la tatu programu ifanye pamoja naye. Sherehe ya jibu sahihi isizidi sekunde moja. Fataki za sekunde sita zikirudiwa mara ishirini zimekula dakika mbili za somo.

Uwe mchache wa nyota. Katika jaribio la Lepper, Greene na Nisbett lililochapishwa mwaka 1973, watoto wa chekechea waliopenda kuchora waliahidiwa cheti wachore. Baadaye, walipoachiwa huru, walichora kidogo kuliko wenzao wasioahidiwa chochote. Acha tuzo iwe kitu ambacho somo limewezesha: amejifunza *pu* na *nda*, sasa punda anatembea kichochoroni.

Dalili: mmoja anacheza, watatu wanatazama

Vishikwambi ni vichache na watoto ni wengi, kwa hiyo programu ibuniwe kwa kikundi tangu mwanzo. Watoto wakizunguka mkeka, anayekaa mkabala huona herufi kichwa chini, na *b* kwake ni *q*. Waketi upande mmoja, wasizidi watatu, au skrini igeuke kumwelekea mwenye zamu. Gawanya kazi: mmoja anagusa, wa pili anasema jibu kwa sauti, wa tatu anaandika kwenye karatasi, programu itangaze zamu kila baada ya maswali mawili. Dakika kumi na tano kwa kipindi zinatosha. Kwa wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 skrini zisizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora; katika saa hiyo hesabu pia simu ya nyumbani.

Dalili: kilifanya kazi jana, leo hakifai

Barazani mwanga ni mkali. Mandhari meusi hugeuza kioo kuwa kioo cha kujitazamia. Tumia mandhari meupe na maandishi meusi, tofauti ya mwangaza isipungue 7 kwa 1, na njano juu ya nyeupe isitumike.

Kama hakichaji, angalia tundu kwa tochi. Rangi ya kijani ni kutu ya chumvi. Zima, sugua polepole kwa kijiti cha mbao chenye pamba iliyoloweshwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, subiri nusu saa ikauke. Usitumie sindano. Hifadhi vishikwambi kwenye sanduku linalofunga kabisa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.

Sola: betri ya mAh 5000 hubeba takriban Wh 18.5 (wati-saa), hivyo vishikwambi ishirini ni Wh 370. Ongeza theluthi kwa kinachopotea njiani, fika Wh 500. Paneli ya wati 150 kwenye saa tano za jua zuri ni Wh 750 kwa hesabu, hivyo huitosheleza. Chaji vitano vitano, kwa waya mnene usiozidi mita moja, kivulini. Likizoni viache na chaji ya nusu, si kamili wala tupu. Betri iliyovimba iondolewe chomboni mwa watoto siku hiyo hiyo.

Mwisho, kishikwambi kilichokata chaji kabisa huweza kusahau tarehe. Kikijidhani kiko miaka ya nyuma, kitakataa kuunganishwa na seva salama, na programu itaonyesha "hakuna mtandao" ilhali mtandao upo. Rekebisha tarehe na saa kwanza. Masasisho ya visiwa vya mbali yapelekwe kwa kadi ya kumbukumbu pamoja na abiria wa mashua, na masomo yote yawe yamehifadhiwa ndani ya kifaa, kwa sababu kusi likichafuka hakuna fundi atakayevuka kwenda Kizingitini kubonyeza "Sasisha".